Maneno Tuliyoyaacha Bwenini

 

Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliniomba niandike kuhusu kumbukumbu za shule ya upili na mafunzo niliyoondoka nayo. Ni desturi ya jarida letu kumpa nafasi hii mmoja wa waliomaliza. Nimeyasoma makala ya walionitangulia, karibu yote yaliyohifadhiwa katika kabati la maktaba, na ninajua yanavyokwenda: someni kwa bidii, watiini walimu, epukeni marafiki wabaya, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli tupu. Lakini hayo mtayasikia kwa naibu wa mwalimu mkuu kila Jumatatu gwarideni, nami nikiyarudia nitakuwa ninatwanga maji kinuni.

Badala yake nataka kueleza maneno. Ni maneno tuliyoyakuta shuleni, tukayatumia kutwa kucha bila kuuliza yalikotoka, kisha tukayaacha bwenini pamoja na makufuli mabovu na ndara zilizokatika kamba. Humo ndimo zilimo kumbukumbu zetu, na kwa baadhi ya maneno hayo imo hata historia ya nchi ambayo haimo katika daftari langu la Historia.

Tena nina sababu ya kuharakisha. Lugha ya wanafunzi haina kamusi wala mwalimu. Hupitishwa kwa mdomo. Wa kidato cha pili humwambia wa kidato cha kwanza, naye mwaka ufuatao humwambia mwingine. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakaketi mwaka 1989, na mnyororo huo ukaendelea mwaka nenda mwaka rudi, wageni wakiingia langoni na masanduku yao ya bati vichwani. Hata Covid haikuukata. Sisi tuliofanya KCPE Machi 2022 tuliingia Mei mwaka huo huo, mihula ikafupishwa, na ile miaka minne inayosifiwa ikawa kwa kalenda mitatu na nusu.

Halafu mnyororo ukakatika. Wanafunzi wa mwisho wa kidato cha kwanza waliingia Januari 2024, baada ya KCPE ya mwisho ya mwaka 2023. Mwaka 2025 hapakuingia mtu. Wenzao wa mtaala mpya walikuwa bado katika gredi ya tisa, wakaja Januari 2026 wakiwa gredi ya kumi. Mwaka mzima shule ilikuwa na vidato vitatu, bweni moja likafungwa, na ile kazi ya kurithishana maneno ikakosa mrithi. Wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027, basi.

Tuanze na mono, maana ndilo jina tulilopewa kabla hata ya kupewa kitanda. Mono ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Wanafunzi wenyewe hulieleza kwa kile kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya moja, kile kile tunachokutana nacho katika Kemia tunapotaja monoksaidi. Kutokana na nomino hiyo kikazuka kitenzi, kumonolaizi, yaani kumwonyesha mono kwamba shuleni hana lake. Lo! Ukitaka kujua ubunifu wa vijana wa Kenya usiende kwenye tamasha za drama, uliza mambo waliyofanyiwa mono. Kuna aliyeamriwa azime globu ya stima kwa kuipuliza. Kuna aliyeendesha matatu chini ya vitanda, kutoka pembe hii ya bweni hadi ile, akinguruma kwa mdomo na kusimama kila steji kubeba abiria. Kuna aliyepimishwa urefu wa bweni kwa njiti ya kibiriti, na alipofika katikati akaambiwa amekosea hesabu, arudie.

Tukisimuliana leo tunacheka hadi machozi. Lakini tunaocheka ni sisi tuliobaki. Katika bweni letu yuko aliyeondoka juma la pili, godoro lake likiwa bado na karatasi ya dukani, na hatukumwona tena. Yeye sijui kama anacheka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuumizwa mwili au kuteswa kiakili, na wala haikumtengea mtu wa kidato cha pili ruhusa yake. Nasema kidato cha pili makusudi. Muda wote niliokaa shuleni niliona kwamba wa kidato cha nne hakuwa na habari na mono, alikuwa na mtihani wake. Aliyekuwa mkali kama pilipili ni yule aliyetoka kuwa mono juzi, ambaye hata sweta yake ilikuwa bado mpya.

Nilipokuja Januari kuchukua hati ya matokeo niliwasikia wageni wakiitwa "gredi teni", basi, bila kitenzi. Huenda mono likafa kifo cha kawaida. Mimi sitavaa nguo nyeusi.

Neno la pili ni la jikoni na sitakawia hapo. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na katika shule nyingi za bweni ndicho chakula cha mchana. Kumbe jina hili ni la Kikuyu tu! Mwenzetu wa Kisumu aliita nyoyo, wa Machakos isyo, wa Voi akasema kwao ni pure. Siku ya kwanza kila mmoja alidhani mwenzake anazungumzia chakula kingine, hadi sahani zilipofika mezani tukaona ni kile kile, tena chenye mahindi mengi na maharagwe ya kutafuta kwa tochi. Vitabu vya Uraia havikuwahi kunifundisha umoja wa taifa kuliko sufuria ile.

Diski ni jambo jingine. Diski ni kipande cha ubao chenye kamba, huvalishwa shingoni yule aliyenaswa akizungumza lugha isiyoruhusiwa siku hiyo. Kwetu kulikuwa na siku tatu za Kiingereza na mbili za Kiswahili. Siku ya Kiingereza ulivishwa kwa Kiswahili, sheng au lugha ya mama; siku ya Kiswahili ulivishwa kwa sheng. Jioni majina yalisomwa. Sasa hebu fikiria, ndugu msomaji: karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 10 za isimujamii, na humo unaweza kuulizwa ueleze sifa za sheng na sababu za vijana kuitumia. Asubuhi unapewa alama kwa kuzieleza sifa hizo, mchana unavalishwa ubao kwa kuzionyesha!

Jambo hili ni la kale kuliko shule yetu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa zama za mkoloni walivyopokezana kifungo kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mkoloni akaenda, kifungo kikawa ubao. Kiswahili chenyewe kilingoja hadi 8-4-4 ndipo kikawa somo la lazima la kutahiniwa, kama ilivyopendekezwa na Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, tena inaitaka serikali ilinde na kukuza lugha nyingine za Wakenya.

Sisemi kila mtu azungumze atakavyo. Insha haiandikwi kwa sheng, na mwanafunzi asiyefanya mazoezi ya Kiswahili sanifu ataumbuka siku ya mtihani. Ninachokataa ni ile kamba. Diski ilipaswa kutufundisha lugha, ikatufundisha upelelezi. Aliyekuwa nayo hakuweza kulala nayo, ilimbidi amtafute wa kumrithisha, kwa hivyo alibana karibu na mfereji wa maji akingoja mtu ajikwae kidole na kulia kwa lugha ya mama. Wengine walikuwa wakisalimu watu kwa upole, kwa lugha ya nyumbani kwao, ili wakijibiwa tu wawavalishe. Nilijua wanafunzi walioamua kutosema lolote hadi jioni. Ukimya haujawahi kuongeza msamiati wa mtu.

Neno ninaloomba mlisome polepole ni mwakenya. Sote tunalijua kwa maana moja: kikaratasi kilichokunjwa mara nane, kimeandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kinafichwa katika soksi, mkono wa sweta au kifuniko cha kikokotoo ili mtahiniwa akichungulie ndani ya chumba cha mtihani. (Ngeli yake ina ubishi. Kuna wanaosema mwakenya huu, miwakenya hii. Mimi na wenzangu tulisema mwakenya hii, mwakenya hizi. Chama kiamue.) Nilidhani ni neno la wanafunzi tu, hadi nilipolitamka likizoni mbele ya babu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ni nani aliyenifundisha neno hilo, na ikiwa ninajua watu walifungwa kwalo.

Sikujua. Mwakenya ni kifupisho cha Muungano wa Wazalendo wa Kuikomboa Kenya, chama cha siri cha miaka ya 1980 kilichopinga utawala wa wakati huo, wakati sheria iliruhusu chama kimoja tu cha siasa. Kilichapisha vijarida na karatasi zilizopitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1986 kukawa na kamatakamata. Walichukuliwa wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu, waandishi wa habari, hata wakulima. Wengi waliteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo jijini Nairobi, wakapelekwa mahakamani wakakiri, wakafungwa. Na mara nyingi kosa lilikuwa kupatikana na karatasi hizo, au kuzijua na kutopiga ripoti. Sheria ya chama kimoja ilifutwa Desemba 1991.

Sasa unaona wanafunzi wa enzi hizo walivyofikiri. Karatasi ndogo, ya siri, ukikamatwa nayo umekwisha: wakalichukua jina wakalivika kitu chao. Darasani tungesema maana ya neno imepanuka. Lakini ukiwaza kidogo utaona imepinduka. Yule wa 1986 alificha karatasi kwa sababu kulikuwa na jambo analolijua na anataka wengine walijue. Wa chumba cha mtihani anaificha kwa sababu kuna jambo asilolijua, na hataki ijulikane kwamba halijui. Babu hakunikaripia. Alisema tu kwamba anashangaa sana jina lile liliishia ndani ya soksi.

Kuhusu soksi hizo niseme jambo moja. Katika KCSE ya mwaka 2015 waliopata gredi ya A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 ulinzi wa mitihani ulipokazwa, waliopata A walikuwa 141. Watu walibishana sana juu ya sababu, mimi sitaingia humo. Nasema tu kwamba nambari hizo ziko, na kwamba kila aliyepata A ya haki mwaka 2015 aliitembea na kivuli cha shaka nyuma yake. Huyo ndiye ninayemwonea huruma. Darasani kwetu kulikuwa na mmoja aliyeandika mwakenya ya Biolojia usiku kucha, kurasa za kutosha kujaza kiatu, kisha asubuhi woga ukamshika akazitupa chooni. Akapita vizuri. Kwani kuandika mambo yote hayo kwa mkono, kwa kuchagua lipi la kuingia na lipi la kuachwa, si ndiko kusoma kwenyewe?

Prepu, transnaiti, funki: haya nayataja kwa kupita. Prepu ni masomo ya jioni na alfajiri. Transnaiti ni kukesha kwa vitabu hadi mapambazuko, na waliokesha ndio waliokoroma katika somo la kwanza. Funki ni safari ya chama kwenda shule nyingine kwa kongamano, na juu ya funki kila mtu ana siri zake, nami ninazo.

Nije kwenye neno zito. "Nimetumwa karo." Ukiichanganua sentensi hiyo utaona kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtenda hatajwi. Hakuna aliyesema "fulani amenituma". Majina yalisomwa gwarideni, wenyewe wakatoka mstarini, wakachukua vitabu viwili vitatu, na kufikia saa nne wakawa barabarani wakingoja matatu. Tangu mwaka 2008 serikali hugharamia masomo katika shule za kutwa, na mwaka 2018 kiasi kilichowekwa kwa kila mwanafunzi kilikuwa Sh22,244 kwa mwaka. Ila kitanda na chakula cha bweni ni juu ya mzazi, na hapo ndipo wengi wetu tulipokwama.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mmoja wa waliotumwa kila muhula. Mama yake aliuza mboga sokoni. Muhula wa pili wa kidato cha tatu nilihesabu siku alizokosa, zikafika 34. Alirudi kila mara na sehemu tu ya deni, akakaa majuma mawili, jina likasomwa tena. Hakulia wala hakueleza. Alikuwa akiniambia neno moja tu akifunga mkoba: "Nishikie."

Kushikia kulitoka kwenye foleni ya chakula. Ukitaka kwenda kunawa unamwambia aliye nyuma akushikie nafasi. Darasa letu likalipanua neno hilo, na hili hatukurithi kwa mtu, tulilifanya wenyewe. Kumshikia mtu kukawa ni kuandika maandishi ya somo mara mbili, ya kwako na ya kwake, kwa siku zote ambazo hayupo. Tulikuwa sita, tukagawana masomo. Mimi nilishika Kiswahili na Jiografia. Hatukuambiwa na mwalimu, wala hakuna kiranja aliyetusimamia. Mwalimu wa Hisabati alipogundua hakusema kitu. Alianza tu kuacha ubao bila kuufuta mwisho wa kipindi, na kwa mwalimu yule aliyependa ubao safi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Jiografia niliielewa kwa sababu ya kuiandika mara mbili, hilo nalikiri bila aibu. Lakini sitaki mtu afikiri tulikuwa watakatifu. Yako majuma mkono uliuma tukanung'unika, na mmoja wetu aliacha, tukagawana somo lake.

Mwanzoni mwa kidato cha nne jirani yangu hakurudi. Alihamia shule ya kutwa karibu na kwao, ambako angelala nyumbani. Dawati likabaki na upande mmoja mtupu, na hakuna mgeni wa kulijaza, maana mwaka wenyewe ndio huo wa 2025. Tukaendelea kumshikia. Daftari lilifungwa kwa gazeti na kupewa makanga wa matatu ya njia ile, shilingi hamsini, naye alilifikisha kila mara isipokuwa moja. Tulimtumia uchambuzi wa Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Muhula wa pili, badala ya shukrani, ikaja bahasha yenye maandishi yake mwenyewe ya ushairi. Mwalimu wake mpya alikuwa bingwa wa ushairi, na jirani yangu aliandika kila alichosema, bahari, bahari, mizani, vina, na mifano ambayo sisi hatukuwa nayo. Darasa zima tukainakili. Ametushikia!

Daftari langu moja la Jiografia bado liko kwake. Ananiambia amelipa kwa mdogo wake.

Sisi wa shule za upili hatuna joho wala kofia ya mahafali. Tuna siku ya maombi, wazazi wakija na biskuti na chupa za soda, wachungaji wakizibariki kalamu; kisha baada ya karatasi ya mwisho tuna fomu ya kuondoka. Unazunguka nayo siku nzima kutafuta sahihi: maktaba, maabara, michezo, bweni, ofisi ya karo. Umerudisha vitabu? Umerudisha jezi? Nilipokuwa nikingoja sahihi ya maktaba ndipo wazo hili liliponijia, nikamwendea mlezi wa chama kumwomba daftari tupu.

Daftari hilo lipo, la kurasa 96, na mpaka sasa lina maneno 41. Kwa kila neno andikeni ngeli yake, maana yake, sentensi moja, na aliyewaambia kama mnamkumbuka. Nyinyi mtakaofanya mtihani mwaka 2027 mna mengi ambayo sisi hatukuyajua, nimewasikia. Nanyi wa gredi ya kumi, msidhani mmekuja kurithi tu. Tayari mna maneno yenu ambayo hata viranja hawayaelewi. Yaandikeni kabla hayajabadilika. Daftari liko kwa mlezi, katika kabati la maktaba, rafu ya chini. Kalamu mje nayo wenyewe.